Lenzi Isiyovuta

Sura ya Nne

Mwanahawa akikasirika hapigi kelele. Anakunja mtandio wake mara nne, anauweka mapajani, kisha anakuita jina lako na la baba yako. Alhamisi ile, kwenye studio ya Pendo pale mjini Morogoro, mtandio ulishakunjwa mara tatu kabla mimi sijapata pa kukaa.

"Abeid Mrisho," akasema, "leo tumekuja kuchagua kamera. Hatukuja kuhadithiana."

"Nani kahadithia?"

"Umeingia tu mlangoni, umeshamwambia mtoto wa watu kwamba uliwahi kuipiga picha radi kwa mkono mmoja."

"Mkono wa pili ulikuwa umeshika bendera ya treni. Ulitaka nifanyeje?"

Pendo, mwenye studio, akainama chini ya kaunta kutafuta kitu ambacho nadhani hakikuwepo. Niliona mabega yake yakitikisika.

Mwanahawa hakucheka. Akakunja mara ya nne.

Nikuambie, msomaji wangu, kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na saba, muuguzi mstaafu, mwenye wajukuu wawili na macho ambayo yakikutazama sawasawa unasahau ulikuwa unakwenda wapi, alinikasirikia kiasi kile. Miaka miwili tulikuwa tunapanda pamoja kila Jumapili njia ya Morningside. Yeye na simu yake akipiga picha maua na vyura wadogo wa kwenye majani, mimi na kamera yangu kubwa nikipiga chochote kilichokubali kutulia. Siku moja tukivuka kijito alinishika mkono. Kijito kile kina upana wa hatua tatu. Mkono wangu nilirudishiwa tulipofika barabara ya lami.

Basi nikamwambia nataka kumuoa. Akanijibu Kiluguru hasa, ingawa kwa Kiswahili: "Kamwambie mjomba."

Mimi ni Mnyamwezi, nimeletwa Morogoro na reli. Miaka thelathini na moja nilikuwa gadi wa treni. Kwetu angeulizwa baba. Kwao ukoo ni wa mama. Shamba ni la mama, jina la lukolo, yaani la ukoo, ni la mama, na mwenye kauli juu ya mwanamke, hata akiwa na mvi, ni kaka wa mama yake. Kwa Mwanahawa huyo ni Mzee Kobelo, miaka themanini na moja, anayeishi mwendo wa saa tatu juu ya Mbete, mahali ambapo mawingu hupita kwake kwanza ndipo yaje kwetu. Na huko huko ndiko liliko shamba la mama yake Mwanahawa, ambako anataka kujenga na kumalizia siku zake. Kwa hiyo kumtaka Mwanahawa ni kuutaka na ule mlima.

Jumamosi iliyopita nilitakiwa kupanda. Mjomba aliomba kitu kimoja tu: picha. Hana hata moja ya utu uzima wake, ukiacha ile ya kitambulisho, ambayo anasema ni ya mtu mwingine aliyefiwa. Nikabeba mfuko wangu wote: kamera kubwa, lenzi tatu, moja ndefu kama chupa ya chai, na stendi ya miguu mitatu. Goti langu la kushoto likanifikisha kwa Mzee Said, baba mdogo wa Mwanahawa, robo tatu ya njia. Hapo likagoma. Nikanywa chai. Nikanywa ya pili. Na kwa kuwa sikuwa na nguvu za kwenda mbele wala uso wa kurudi nilivyokwenda, nikamkabidhi Mzee Said sukari ya mjomba pamoja na maneno ya posa ya mjomba, nikateremka.

Kupeleka posa ya binti wa Kiluguru kwa upande wa baba ni sawa na kupakia mizigo ya Kigoma kwenye treni ya Moshi. Lakini hilo lingesameheka, mgeni haijui njia. Kilichoniponza ni simu. Mwanahawa aliponipigia kuuliza kwa nini sikufika juu, ulimi wangu ulitoka mbio ukaniacha nyuma.

"Chui," nikasema. "Kalala katikati ya njia, pale kwenye kijito cha karibu na kwa Mzee Said. Mkubwa kama ndama. Na ukungu umefunika kilele, hata paa la mjomba sikuliona."

Kijiji kizima kilitoka na mapanga kumsaka chui wangu siku mbili. Kabichi hazikuteremka sokoni. Kufikia Jumatatu Mwanahawa alishajua kwamba hakuna chui. Alichokuwa hajui kilikuwa kibaya zaidi, na kilikuwa ndani ya kamera.

"Haya," Pendo akasema, akiibuka na uso wa mtu aliyemaliza kucheka. "Mzee, mama, za mfukoni na nyepesi ninazo mbili. Hii ya kwanza lenzi yake imejengewa humo humo, haitoki. Inavuta mara thelathini. Ndege akiwa Bondwa kule kwenye minara, wewe uko hapa, unamhesabu manyoya."

"Hiyo," nikasema.

"Subiri, babu. Sensa yake, kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ukungu ukishuka, au ukiwa ndani ya nyumba yenye dirisha moja, picha inajaa chenga."

"Na hiyo nyeusi?" Mwanahawa akauliza.

"Hii sensa yake karibu sawa na ile kubwa ya mzee. Lenzi inatoka, lakini tazama." Akaiweka kwenye kiganja cha Mwanahawa. Lenzi yake ilikuwa bapa kama kashata. "Gizani inaona vizuri, sura za watu zinatoka laini. Ila haivuti. Ukimtaka mtu awe mkubwa, unamfuata alipo."

"Kwa miguu?" nikauliza.

"Kwa miguu, babu."

"Basi hiyo haijakamilika. Fundi wake kachoka akaenda kulala. Binti yangu, mimi nimezoea kamera ya kiume. Ile niliyoacha hapo nje kwenye kiti ni chuma. Niliwahi kuiangusha kutoka kwenye behewa pale Ngerengere, treni iko kwenye mwendo, ikaanguka juu ya mbuzi. Mbuzi akafa, kamera ikapiga picha yake."

"Abeid."

"Picha ninayo mahali."

"Abeid Mrisho. Mfuko ule una kilo ngapi?"

"Mwepesi tu."

Mwanahawa akainuka. Mlangoni pa studio Mwanvita huuza vitunguu na nyanya kwa jumla, na ana mizani ya kuning'iniza. Kabla sijapata la kusema, mfuko wangu ulikuwa unabembea kwenye ndoano kama mwizi.

"Kilo sita na robo!" Mwanvita akatangaza kwa sauti ya mtu anayenadi. "Shemeji, wewe ulikwenda kuposa au kuhama?"

Mtaa mzima ukacheka. Mwanahawa akaichukua ile kamera nyeusi na kashata yake, akaiweka kwenye mizani hiyo hiyo, ndani ya mfuko wa vitunguu. Mshale ulisogea kidogo sana, kama mtu anayejikuna usingizini.

"Hii haifiki hata nusu kilo," Mwanvita akasema. "Vitunguu vitatu, vinne. Hiyo hata mimi nakuposea."

"Uzito ndiyo uzuri," nikang'ang'ania. "Kitu chepesi mkono unatikisika. Na lenzi ndefu inaona mbali. Pendo, mwonyeshe mama kazi ya lenzi ndefu. Chomeka kadi yangu kwenye kompyuta hapo, aone tofauti."

Mwenzako akikuambia binadamu hujichimbia kaburi kwa jembe lake mwenyewe, usimbishie. Mimi mwenyewe ndiye niliyeitoa kadi, nikampa.

Pendo akaanza kufungua. Maua. Kima. Daraja. Mimi nimejipiga mwenyewe kwenye kioo. Kisha akabonyeza tena, na skrini nzima ikajaa Mjomba Kobelo.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao mbele ya nyumba yake. Amevaa koti jeusi, vifungo vyote vimefungwa, na kofia ya viua. Mkono mmoja ameuweka juu ya macho kukinga jua. Anatazama chini, kwenye njia. Pembeni ya picha saa imeandikwa: tano na dakika kumi, asubuhi, Jumamosi.

Nilikuwa nimeipiga kutoka uani kwa Mzee Said, kikombe cha pili cha chai kiko kwenye jiwe. Nilikusudia kuifuta. Sikuifuta kwa sababu ilikuwa picha nzuri. Ndiyo shida yetu sisi wapenda picha.

Pendo akaondoa mkono kwenye kompyuta, akaitazama feni.

"Ulimwona," Mwanahawa akasema.

Nikaanza kuchunguza vifungo vya shati langu.

"Uliniambia ukungu ulifunika kilele, hukuona hata paa. Abeid, ulimwona."

"Kwa lenzi tu."

"Kwani macho yako ni yapi mengine? Pendo mwanangu, ikuze hapo. Kwenye koti."

Pendo akakuza. Picha haikuwa na chenga hata moja. Nilitamani ingekuwa nazo. Ungeweza kuona mikunjo ya nguo iliyokaa sandukuni.

"Hilo koti unalijua?" Mwanahawa hakunitazama mimi, aliitazama skrini. "Alilivaa siku aliponioza kwa marehemu mume wangu. Baada ya hapo akalikunja, akaliweka na vidonge vya nondo. Miaka thelathini na mbili. Kwenye misiba havai, kwenye sikukuu havai. Jumamosi iliyopita kalitoa. Katoa na kiti nje. Kakaa juani anakusubiri wewe. Na wewe ukamwona, ukampiga picha kama mtu anayepiga ndege, ukarudi kwenye chai yako."

"Goti lilikuwa limekataa, Mwanahawa."

"Ungesema goti!" Sasa ndipo sauti ilipopanda, na mtandio ukaanguka chini. "Mimi muuguzi, Abeid! Miaka thelathini na tatu nimeshika magoti ya watu. Ungeniambia goti ningekukanda kwa maji ya moto, ningekufunga, ningekupangia siku nyingine ya kupanda. Umeniambia chui. Chui mimi nimkande wapi?"

"Mwanamume anakwenda kuposa," nikasema, na nilisikia sauti yangu imekuwa ndogo, "anaanzaje na goti? Wataniuliza, huyu mzee unampeleka mlimani akafanye nini? Ningekuambiaje wewe, uliyenishika mkono pale kijitoni?"

Akanigeukia. Macho yalikuwa yamelowa lakini hayajamwaga.

"Unadhani kwa nini nilikushika mkono pale kijitoni?"

"Kwa... kwa mapenzi."

"Ulikuwa unaanguka," akasema. "Goti lako nimeliona tangu Jumapili ya kwanza. Unatangulia kuweka mguu wa kulia, wa kushoto unauburuta, halafu unapiga mluzi ili nisisikie. Nilikushika usianguke." Akaokota mtandio. "Mapenzi yalikuwepo pia. Lakini ulikuwa unaanguka."

Nakuapia, treni iliyoacha reli pale Kingolwira mwaka ule wa mafuriko haikunitikisa kama maneno yale. Miaka miwili nilikuwa nautazama mkono wangu wa kulia kila asubuhi kama mtu aliyepewa medali.

"Jumamosi hii nitakuwa juu," akasema. "Napanda peke yangu kesho, naenda kumwomba radhi mtu ambaye si wewe tu uliyemkosea. Ukija, njoo na mdomo unaosema kweli. Usipokuja, mfuko wako wa chuma utakutunza uzeeni." Akamgeukia Pendo. "Mwanangu, akiamua kuchukua, mpe hiyo isiyovuta. Kuvuta ndiyo maradhi yake. Anapenda watu akiwa mbali nao."

Akatoka. Mwanvita akampisha, akajifanya anahesabu nyanya, na kwa Mwanvita hilo ni jambo la kuandikwa.

Nikabaki na Pendo, na hasira. Sikuwa na hasira na Mwanahawa. Nilikuwa na hasira na kila kitu kingine. Feni. Kompyuta. Kampuni inayotengeneza lenzi bapa. Nikaanza kuuliza maswali ya kipumbavu kwa makusudi. Betri inakaa picha ngapi? Mia tatu. Kwa nini si elfu? Mvua ikinyesha? Uifunike, babu. Na mkanda wake kwa nini mwembamba kama kamba ya kiatu? Pendo alijibu yote kwa adabu, jambo lililoniudhi zaidi.

"Nipe hii inayovuta," nikasema. "Mimi ndiye mnunuzi. Mama ameondoka."

"Jaribu kwanza, babu."

Nikaichukua, nikasogea mlangoni, nikaielekeza barabarani. Nikavuta. Bodaboda. Nikavuta. Mwamvuli wa wakala wa simu. Nikavuta mpaka mwisho, mara thelathini zote, na pale kwenye kona ya kwenda sokoni nikampata Mwanahawa. Alikuwa amesimama peke yake, ameupa ukuta uso, anajifuta kwa mtandio ule ule, mkunjo baada ya mkunjo. Nilimwona mpaka kipini. Nilimwona mpaka chozi lililoteremka kando ya pua. Alikuwa mkubwa kwenye kioo kile kuliko kiganja changu, karibu hata ningeweza kumpangusa.

Nikanyoosha kidole. Nikagusa plastiki.

Nilipoishusha kamera, Mwanahawa alikuwa nukta mwisho wa barabara. Halafu hata nukta haikuwepo.

"Nipe hiyo kashata," nikamwambia Pendo. "Na mfuko huu wa chuma ubaki hapa, tumebadilishana."

"Na ile lenzi ndefu?"

"Hiyo ukiona mtu anayeogopa watu, muuzie."

Jumamosi nilianza kupanda jua halijatoka vizuri, kamera kwenye mfuko wa koti, fimbo mkononi. Goti lilikuwepo pia, halikuhitaji kualikwa. Ajabu ni kwamba mtu akiwa hana mzigo hana pia cha kusingizia. Kila nilipotaka kusimama, nilitafuta sababu, nikapata kwamba ni uzee mtupu.

Akina mama wa juu walikuwa wanateremka na ndizi na karoti vichwani, miguu peku, wanaongea kana kwamba wamekaa jikoni. Wa kwanza akanipita. Wa pili akasimama.

"Shikamoo babu. Kumbe ndiye mwenye chui?"

"Marahaba. Ndiye."

"Chui wako hajambo?"

"Hajambo, mama. Anawasalimu."

"Mwambie ana deni la kabichi zetu!" Wakacheka mpaka bondeni. Kila kundi lililofuata lilikuwa limeshapata habari kutoka kwa sauti za waliotangulia. Nilisalimiwa kwa niaba ya chui mara kumi na moja, nilihesabu.

Kwa Mzee Said chai ilikuwa tayari. Naapa alikuwa ameiweka barabarani makusudi.

"Pumzika, mkwe," akasema. "Huko juu pana baridi."

"Leo hapana, mzee wangu. Nikikaa hapa nitaposa tena."

Kile kipande cha mwisho sikielezi. Nitasema tu kwamba mahali pengine nilitumia mikono. Nilipotokeza juu, shati limenata mgongoni, pumzi inatoka kama injini ya makaa, Mjomba Kobelo alikuwa shambani kwake kando ya nyumba, analima matuta ya maharage. Hakuwa na koti. Alivaa fulana iliyotoboka begani na suruali iliyofungwa kwa kamba ya katani. Mlangoni pa jiko nikaona kanga ya Mwanahawa ikipita, kisha haikuonekana tena.

"Shikamoo, mjomba."

Jembe likapanda, likashuka.

Kama hujawahi kutoa shikamoo isipokelewe, omba Mungu usionje. Inabaki hewani mbele yako, huwezi kuirudisha mdomoni.

"Mjomba, mimi ni Abeid. Nimekuja kusema hakukuwa na chui."

Jembe.

"Lilikuwa goti. Na mzigo. Nilibeba vitu vizito ili nionekane mtu, vikaniangusha kwa Mzee Said. Nilikuona kutoka kule chini umekaa. Nilikupiga picha kwa mbali, nikateremka. Nikaona aibu kusema goti, nikasema chui."

Hapo akasimamisha jembe, akaliegemea.

"Tulijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Chui akilala kijitoni, mbwa wa Said hawalali. Walilala wakati wewe unakunywa chai."

"Sasa mjomba, siku mbili mmesaka nini?"

"Tulikuwa tunakusubiri wewe. Aliyemwona mnyama ndiye anayewaonyesha wenzake pa kuanzia. Tukasema, huyu kama ana haya, atakuja, hata na panga la kuazima. Siku ya kwanza hukuja. Siku ya pili hukuja. Kabichi zikaoza." Akatema mate pembeni. "Na sukari yangu Said kanipa nusu. Anasema nusu mliinywa wote."

Nikainama nikayatazama matuta. Mimi, niliyewahi kumshawishi mkaguzi wa tiketi kwamba faru ni mizigo ya mkononi.

Mzee akanizunguka polepole, akitazama mgongo wangu kama mnunuzi wa punda.

"Wewe ni Mnyamwezi kweli?"

"Kweli, mjomba."

"Babu zako walitoka bara na pembe za ndovu begani mpaka pwani. Walipita hapo chini ya mlima wetu wanaimba, babu zetu wakawauzia mihogo. Miezi mitatu, mtu na pembe yake! Mjukuu wao kashindwa na mfuko wa picha. Nikifa leo nitawaambia nini huko?"

Kutoka jikoni nikasikia kitu kama kikohozi cha mwanamke. Moyo wangu ukainuka kidogo. Mzee wa Kiluguru akianza kukutania wewe Mnyamwezi, ujue amesogeza mguu mlango usijifunge.

"Marahaba," akasema ghafla.

"Mjomba?"

"Shikamoo yako ile. Marahaba. Umebeba nini leo?"

Nikaitoa kamera mfukoni. Akaipokea, akaipima kwa kiganja, akaigeuza, akatafuta upande wa pili kama kuna sehemu iliyosahaulika.

"Hii tu?"

"Hii tu. Vaa koti, mjomba, nikupige. Leo nitasimama karibu."

"Koti nilishavaa," akasema, akanirudishia. Akanyoosha kidole kwenye kile kiti cha mbao, bado kiko pale pale uani. "Nilikaa pale tangu saa mbili mpaka saa nane. Kaa na wewe. Usiinuke mpaka nikuambie."

"Mpaka saa ngapi, mjomba?"

"Mimi niliambiwa saa ngapi?"

Akarudi kwenye matuta yake.

Nikakaa. Saa ya kwanza niliona ni adhabu ya haki. Saa ya pili nilianza kuitilia mashaka haki yenyewe. Kiti kilikuwa na ubao mmoja uliopinda, na ulinipata. Kuku walikuja wakanikagua. Ukungu ukapanda kutoka bondeni ukanimeza, nikabaki mimi na kiti, kisha ukaondoka ukaniachia baridi. Nikasikia harufu ya maharage ya nazi. Hakuna aliyesema karibu. Njia yote naiona kutoka pale, ikiteremka mpaka paa la Mzee Said, na nikaelewa jinsi mtu mwenye koti jeusi alivyoweza kumwona mtu mwenye mfuko mkubwa akisimama pale chini, akitoa kitu kirefu, akimwelekezea, kisha akigeuka kurudi. Naye pia alikuwa ameniona. Mkono ule juu ya macho haukuwa wa jua peke yake.

Sikutamani tena maharage.

Jua lilikuwa limepita utosi Mwanahawa alipotoka jikoni. Mkononi ana pasi ya mkaa, mkono wa pili koti jeusi limelala kama mtoto. Akatandika kanga juu ya meza ya nje, mbali nami hatua kama kumi na tano, akaanza kunyoosha. Hakunitazama. Moshi mwembamba ulipanda kando ya uso wake, jasho limemkaa juu ya mdomo, kipini kinang'aa. Nikainua kamera. Kwenye kioo alikuwa mdogo kama utitiri. Nikatafuta kwa kidole pa kuvutia, kwa mazoea tu. Hapakuwepo.

"Mwanahawa."

Pasi ikateleza, ikarudi.

"Mwanahawa, sogea kidogo."

"Sogea wewe."

"Nimekatazwa kuinuka."

"Na lenzi haivuti?"

"Haivuti."

"Pole." Akageuza koti upande wa pili. "Betri umechaji?"

"Nimechaji."

"Maana mjomba anakwenda kuoga. Akilivua leo, halivai tena."

Nikakishika kiti kwa mikono miwili nisiruke. Mwanahawa akalitundika koti kwenye msumari wa mlango, akaweka pasi kwenye jiwe, akajipangusa mikono kwa kanga. Akasimama ananitazama mimi na kile kiti, na goti langu lililonyooshwa mbele kama mgonjwa wake wa zamani. Kisha akapiga hatua moja. Akapiga nyingine. Hatua za mtu ambaye bado hajasamehe, lakini miguu imemtangulia.

"Hapo panatosha?"

"Bado."

Akapiga mbili. Nikamwona kifua, shingo, mkunjo wa hasira kati ya nyusi.

"Na hapo?"

"Bado kidogo, mama."

Akaja mpaka kivuli chake kikaniangukia magotini. Uso wake ulikuwa umejaa kioo chote, hapakuwa na mlima, hapakuwa na nyumba, hapakuwa na mahali pa kuweka hata jani.

"Hapo je?"

"Bado," nikasema.

"Mwongo," akasema Mwanahawa, akapiga hatua nyingine.